Ya Saba Haikuwa Yangu

Sogeeni karibu, wanangu, na huyo aliyesimama mlangoni na simu zake mbili azizime aje akae, kwa sababu sauti niliyobakiwa nayo haitoshi kurudia jambo mara mbili. Kitinda mimba wangu, niinulie mto huu kidogo. Hapo, basi. Sindano yako ingoje kwanza. Najua wewe ni muuguzi na unanihurumia, lakini ukinichoma sasa nitalala, na nikilala na neno hili kifuani sina hakika kama nitaamka nalo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi maradhi yangu si haya ya mapafu tu ambayo daktari anayaandika kwenye karatasi zake.

Najua mmejiandaa kusikia habari za nyumba na habari za picha. Ya nyumba hayana maneno mengi: ni yenu watatu, hati iko kwa wakili, na hakuna kuuza maadamu mdogo wenu hajapata pa kwake, atakayemsukuma nje nitamjia ndotoni, na mnajua nilivyokuwa msumbufu hata nikiwa macho. Ugomvi wangu na baba yenu mdogo kuhusu ule ukuta wa uani umekwisha. Ukuta ulipita upande wake, na mimi nilijua tangu siku tunaujenga. Mwambieni hivyo, na mwambieni asicheke sana, kwa sababu yeye naye alichukua mbao zangu akasema zimeliwa na mchwa. Haya madogo nimeyatanguliza kwa makusudi, maana lililobaki ni la picha, na la picha ni zito.

Nilimsingizia mtu. Basi, limetoka. Mtu huyo yu hai, ana mke na watoto, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akiitwa mwizi kwa sababu ya ulimi wa baba yenu. Jumamosi hii watu watajaa kwenye ukumbi wa maonyesho kunisifu kwa picha zangu, na mimi nataka, kabla sijakata roho, mnikubalie kwamba Jumamosi hiyohiyo, mbele ya watu haohao, jambo hili litasemwa waziwazi. Hilo ndilo nililowaitia. Msinijibu sasa. Sikilizeni kwanza mwisho wake, kisha mtaamua kama mna baba au hamna.

Nyinyi mlizikuta picha ukutani mkadhani zilizaliwa na nyumba. Nilikuwa kijana wa kuchanganya wino kiwandani, kwenye mtambo wa kuchapa maboksi ya sabuni na vibandiko vya chupa, siku niliyokwenda kununua kabati la nguo kwa yule mama wa duka la vitu vikuukuu. Nikavuta droo kuona kama inateleza vizuri, na ndani ya droo palikuwa pametandikwa karatasi kubwa ya kuzuia vumbi, na kwenye karatasi ile kulikuwa na mdomo. Mdomo tu wa mwanamke, mkubwa kuliko kichwa changu, mwekundu, unatafuna chingamu, na shavu lake limejazwa nukta za waridi zilizopangwa kama askari wa gwaride. Mimi niliyekuwa nikishinda kutwa nikichapa nukta kama zile kwenye maboksi ya sabuni sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yupo mtu duniani anayezichapa kwa sababu anazipenda. Kabati nililiacha palepale, nikarudi nyumbani nimekumbatia droo. Mama yenu, tukiwa hatujafikisha mwaka katika ndoa, aliniuliza sasa nguo tutazitia wapi.

Ndivyo nilivyoanza. Wasomi wanaziita sanaa ya pop, na sasa wanazisema kwa sauti ya chini kama watu waliomo kwenye nyumba ya ibada, lakini zama zile majirani walikuwa wakiniuliza kwa nini natundika matangazo ya biashara sebuleni. Nilitundika chupa za soda, friji iliyoachwa wazi, ndege za vita za vibonzo, mkono wa mwanamume unaobonyeza kopo la dawa ya mbu. Nilifunza macho yangu na wala sikufundishwa na mtu. Na mjue zinavyotengenezwa, maana jambo langu limejificha humo: wino unasukumwa kwa kipande cha mpira kupitia kitambaa chembamba kilichowambwa, rangi moja baada ya nyingine, mpaka zitoke nakala, tuseme, sabini na tano, kisha msanii anaharibu kitambaa na kuandika kwa penseli kwenye ukingo mweupe wa chini, hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, mpaka ya mwisho. Nambari ile ndiyo jina la karatasi. Zote ni pacha, na bila nambari huwezi kujua yupi ni yupi.

Sasa sisi wa chama chetu cha Jumamosi, chama cha wakusanya picha, tulikuwa na kasoro moja ambayo mtu mwenye akili zake timamu hawezi kuwa nayo: kitu kilekile kinachoitambulisha picha tulikifunika. Ukingo mweupe ulitukera macho, kwa hiyo kila mtu alimwambia fundi fremu aweke kadi nene kuizunguka picha, iingie ndani kidogo mpaka ile rangi ijae dirisha lake, na nambari ibaki gizani chini ya kadi. Kisha nambari tukaibeba kichwani. Ungetukuta tumeketi nyuma ya duka la karatasi, watu kumi na mmoja na birika la chai, kila mmoja anataja nambari zake kama mtu anavyotaja majina ya wanawe, na hakuna aliyekwenda kufungua fremu kuhakikisha. Ungefungua fremu ya mwenzio ingekuwa kama umemfunua nguo.

Katika chama kile mimi niliitwa Jicho. Jina hilo sikujipa. Mtu akiletewa picha na hajui kama ni ya kweli au imechapwa jana, aliileta kwangu, nami niliinusa, nikaishika juani, nikasema ndiyo au siyo, na neno langu lilikuwa la mwisho. Daktari wa meno alikuwamo, mtu mpole ambaye hata jino alikuwa akiliomba ruhusa kabla ya kuling'oa. Na alikuwamo fundi fremu wetu, ambaye tulimwita Milimita, kwa sababu ukimwambia kata hapa alipima, akapumua, akapima tena, na bado akakuuliza kama una haraka. Wewe mama, binti yangu mkubwa, unamkumbuka. Wewe ndiye uliyekuwa ukienda karakanani kwake kila alasiri kujifunza kukata kadi kwa mshazari, na alikuambia kwamba mkono wako una subira. Mimi binafsi sijawahi kukuambia neno zuri kama hilo.

Leteni maji. Kidogo tu.

Picha yenyewe ni ile iliyoko sebuleni, Mwanamke wa Simu. Siku niliyoinunua kwa yule mama wa duka zilikuwapo nakala mbili, amezilaza mezani ubavu kwa ubavu, mwanamke yuleyule ameshika mkono wa simu kama anayepewa habari za msiba, na nyuma yake ni nyekundu tupu, nyekundu ambayo mimi, mtu wa wino, nilijua kuichanganya kwake kumemchukua mtu wiki nzima. Moja ilikuwa ya saba. Nyingine ilikuwa ya sitini na moja. Mimi niliitaka ya saba, maana katika ujinga wetu tuliamini nambari ndogo ina heshima kubwa. Mama yenu akainama, akaitazama, akasema hii ina doa la mafuta hapa pembeni, kama kidole cha mtu aliyetoka kula. Chukua hii safi, baba. Nilimsikiliza. Siku hiyo nilimsikiliza. Nikachukua ya sitini na moja na kutia saini yangu kwenye stakabadhi.

Wiki hiyohiyo chamani mtu akaniuliza nimepata nakala ya ngapi, na ulimi hauna mfupa, nikajibu ya saba. Lilitoka kama mzaha tu wa kuwatia wivu. Mtu wa kwanza niliyemwambia nilijua namdanganya. Wa kumi sikuwa na hakika sana. Baada ya miaka tisa ya kumwambia kila mgeni, ningeweza kuapa mahakamani kwamba ni ya saba, na ningekuwa ninaapa kwa moyo safi, wanangu, hilo ndilo linalonitisha hata sasa: uongo nilioulea mwenyewe ulikua mpaka ukanigeuka ukawa kumbukumbu yangu.

Na ujinga wa pili ulikuwa wa dirisha. Kila mtoto wa chama anajua karatasi haitundikwi ikitazamana na jua, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea wenzangu juu ya hilo. Lakini nilitaka wapita njia waione, kwa hiyo niliitundika ukuta unaotazama magharibi, na jua la alasiri likaila ile nyekundu kidogo kidogo kwa miaka tisa, na Jicho, yule Jicho mwenyewe, akaitazama kila siku asione kitu, kama mzazi asivyomwona mwanawe akirefuka mpaka suruali impande. Nyani haoni kundule.

Kisha wewe baba, mwenye simu mbili, ukapiga mpira ndani ya nyumba ukavunja kioo chake. Usiiname, sikulaumu. Nikaipeleka picha kwa Milimita atie kioo kipya, na wiki ileile daktari wa meno akapeleka ya kwake, maana naye alikuwa na Mwanamke wa Simu, ingawa hata siku moja sikuwahi kumuuliza aliipata wapi wala ni ya ngapi. Milimita alikuwa ameanza kuamini kwamba kuficha nambari ni upuuzi. Akazikatia zote mbili kadi mpya zenye dirisha pana, ili nambari zionekane, akidhani anatufanyia hisani.

Nilipokwenda kuchukua yangu, nikakuta kwenye meza ya kushoto nyekundu iliyochoka, imepauka kama shuka la hospitali, na chini yake penseli inasema sitini na moja. Kwenye meza ya kulia, nyekundu ile niliyoipenda siku ya kwanza ilikuwa inawaka, na chini yake nambari niliyoiimba miaka tisa. Mkononi nikapewa ile ya kushoto. Mwekeni mtu yeyote mahali pale, angeshtuka. Lakini mwekeni mtu mwenye busara, angeuliza kwanza. Mimi sikuuliza. Nilisubiri Jumamosi.

Jumamosi ile nilisimama mbele ya watu wote wa chama nikasema fundi wetu amebadilisha picha, amechukua ya saba yangu akampa daktari, nami akanipa takataka. Sikusema 'nadhani'. Milimita akasimama na aproni yake, akasema, "Mzee, nilichopokea ndicho nilichorudisha. Hebu tazama hapa ukingoni, hapa palipofunikwa na kadi ya zamani. Nyekundu ni ileile. Hilo ni jua, mzee, si mimi." Na kweli, kuizunguka picha yote palikuwa na utepe mwembamba, mpana kama kidole, wa nyekundu nzima isiyoguswa. Ushahidi wote ulikuwa pale, umeandikwa kwa wino, katika lugha ambayo mimi ndiye niliyeijua kuliko mtu yeyote chumbani. Nikautazama, nikasema, "Huu ukingo umeupaka rangi mwenyewe." Na kwa kuwa niliitwa Jicho, waliniamini.

Na halafu, mama, nikakuinua wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuuliza mbele ya watu kama uliziona picha zote mbili mezani kwake siku moja, nawe ukasema ndiyo, maana ilikuwa kweli, ukataka kuendelea, ukaanza kusema, "Lakini baba, yeye hachanganyi hata misumari," nikakuambia ukae chini, nimekuuliza swali moja tu. Nilichukua kweli yako nikaikata katikati, nikamchinja nayo mwalimu wako. Tangu siku ile hukushika tena kisu cha kukatia kadi, na mimi nikawa nawaambia watu kwamba binti yangu hana moyo wa ufundi. Nisamehe. Sikuombi kwa kuwa nakufa. Nakuomba kwa kuwa nilikukosea. Lia, mama, lia tu, nilipaswa kukuacha ulie siku ile.

Daktari wa meno hakubishana. Alisema, "Kama ni yako, mzee, ni yako, mimi sikumbuki nambari yangu," akanikabidhi ya saba kwa mikono miwili, akaichukua ile iliyopauka akaenda nayo kwake. Wiki hiyo nikaitundika sebuleni, mbali na dirisha safari hii, na kila mgeni alipoliona lile doa la pembeni nilimwambia, ona, hata kidole chake cha mafuta msanii aliacha. Doa lilelile mama yenu aliloliona mezani kwa yule mama wa duka. Nimewaonyesha watu doa hilo kwa kidole changu mwenyewe miaka ishirini na miwili.

Baada ya hapo nani angempelekea Milimita karatasi yake? Miezi minne haikuisha akafunga karakana. Sasa anatengeneza makabati ya jikoni nyuma ya kituo cha mafuta. Na watu hawakumwita Milimita tena. Wakamwita Sitini na Moja. Vijana anaofanya nao kazi leo wanamwita hivyo bila kujua maana yake, wanadhani ndiyo miaka yake au nambari ya nyumba, na yeye anaitika. Nimemsikia kwa masikio yangu akiitika.

Mama yenu aliniambia. Nataka mjue hivyo, msije mkadhani naye alikuwa kipofu. Siku ya pili yake, tunakunywa chai, alisema taratibu, "Baba, yetu haikuwa ya saba. Wewe uliitaka, mimi nikakuonyesha doa." Nikamjibu kwamba mwanamke hajui wino. Hakulisema tena. Lakini alihamisha kiti chake cha kushonea akakiweka chini ya picha ile, mgongo ukutani, na nyinyi mkawa mnasema mama anapapenda pale kwa sababu ya upepo. Alikuwa hataki kuiona. Miaka kumi na sita alikaa vile, akanipikia, akanifulia, akanitunza, na hakugeuza shingo hata mara moja.

Alipofariki, nikipanga vitu vyake, nilifungua kopo la vifungo, na chini ya vifungo nikakuta stakabadhi ya yule mama wa duka. Mwanamke wa Simu, nakala ya sitini na moja. Saini ni yangu. Nilikaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Hiyo ni miaka sita iliyopita, wanangu, na Milimita alikuwa hai, na mimi nilikuwa na miguu inayotembea, na kutoka hapa hadi kituo cha mafuta ni mwendo wa robo saa. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta anapima mlango wa kabati, akapumua, akapima tena, nikageuka nikarudi. Mara ya pili sikufika hata kwenye kona.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo ningependa kwenda nalo kaburini lakini sitaenda nalo. Kila asubuhi, nikifungua gazeti, nilianzia ukurasa wa matangazo ya vifo. Nilikuwa natafuta uso wake. Nilitaka afe kabla yangu, ili lisiwepo tena la kusema wala wa kuambiwa. Mimi, niliyewafundisha nyinyi kuamkia watu na kurudisha vya kuazima. Nikimkosa gazetini nilikunywa chai yangu kwa hasira. Huyo ndiye baba yenu, mjue mnayemzika.

Juzi nilimtuma kitinda mimba. Nilimwambia amwombe aje, nimwombe radhi hapa kitandani, yeye na mimi, tuyamalize kimyakimya. Ni heri niseme alivyojibu mwenyewe. Hakupandisha sauti. Alimpa mwanangu kiti, akamfutia vumbi la mbao, akasema, "Mwambie mzee namwombea apone. Akipona, aende akaseme palepale aliposemea. Mimi sikutukanwa chumbani." Kisha akarudi kwenye kazi yake. Nilikasirika, mjue. Niliona ananinyima. Nikalala na hasira yangu, na alfajiri nikaona kwamba mtu yule bado anapima sawasawa: kosa ni la urefu huu, na toba lazima iwe ya urefu huohuo.

Sasa wewe baba unatingisha kichwa, najua unachotaka kusema. Kwamba kadi za mwaliko zimeshatoka, na picha iliyoko juu ya kadi ni hiyohiyo ya saba. Kwamba nimeandika barua za kuthibitisha picha za watu wengi, na tukisema hili kila mmoja atakwenda kuitazama upya ya kwake. Waache watazame. Wana haki. Unasema ngoja maonyesho yapite, tutamwendea mzee wa watu polepole. Baba, mimi nimengoja miaka sita na umeona nilikofika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi sina siku za kujenga hata kichuguu.

Kwa hiyo sikilizeni, pumzi inakata. Ya saba itolewe ukutani leo, kabla ya jua kuzama, apelekewe mjane wa daktari wa meno. Mama, wewe ipeleke. Mwambie ni yake, ilikuwa ya mumewe, na doa lisisafishwe. Mwombe ile iliyopauka, ndiyo yetu. Hiyo ndiyo itundikwe ukumbini Jumamosi, ukingo wake ukiwa wazi, na stakabadhi kando yake. Iko ndani ya droo ya kwanza, ile niliyorudi nayo bila kabati. Picha nyingine zote ni zako wewe mama kuamua, uuze, ugawe, uzitie chini ya kitanda, ndugu zako wasikuulize. Na kisu cha kukatia kadi bado ninacho. Nilikificha. Kimo humohumo.

Na wewe baba utasema. Wewe ndiye mwenye sauti. Usiseme kulitokea kutoelewana. Usiseme makosa yalifanyika, kama vile yalijifanya yenyewe. Sema baba yangu alimwita mtu mwizi, alikuwa na ushahidi machoni pake, akaukana. Baadaye akaujua ukweli, akanyamaza miaka sita. Watasikitika kwamba unamvua baba yako nguo. Nivue. Nikifa kabla ya siku hiyo, maonyesho yasiahirishwe. Mkinizika Jumamosi, nizikeni asubuhi, mchana mwende.

Nipeni mikono. Huyu nani... huyu ni mdogo, mkono una baridi ya dawa. Mungu akulipe kwa kunigeuzageuza kitandani bila kununa. Baba... uwe na watoto watakaokuambia kweli, nawe uwasikilize. Mama... subira yako ile, aliyoisema yeye... ikurudie mkononi. Mpendane. Msigombane juu ya karatasi. Nawapa radhi zangu zote, kama bado zina uzito.

Sasa sindano. Ngoja. Ngoja kidogo.

Akija ukumbini, msimzonge. Msimpe bahasha. Msimkalishe mbele kama bwana harusi. Asipokuja, mtu aende amwambie karakanani... mbele ya wale vijana. Na msimwombe anisamehe, mmesikia? Hilo ni lake, alitoe au alinyime... Msimwombe kitu. Mtu mzima ameombwa vya kutosha. Semeni neno moja tu. Baba... lisemee kwa sauti... hata wa nyuma kabisa walisikie.

Hakuiba.